Mlima Aliouona Dada Yangu

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minane, na kwa kuwa mama alishinda shambani, mimi nililelewa mgongoni mwake. Kwetu ni Githongo, upande wa Mlima Kenya unaolima kahawa. Msimu wa kuchuma tuliamshwa kabla ya kupambazuka, tukapewa chai na kipande cha nduma, kisha tukashuka shambani na madebe yetu tukiwa bado na usingizi machoni. Mimi nilikuwa mvivu wa kuchuma. Ili nisilie wala nisitoroke, dada alinipa kazi ya kutazama.

"Angalia kivuli cha huo mbuni," aliniambia asubuhi moja. "Kina rangi gani?"

"Nyeusi."

"Umeangalia, ama umesema tu?"

Nikainama nikaangalia. Jua lilikuwa limepenya katikati ya miti na kuangukia udongo wetu mwekundu, na pale ambapo majani yalizuia mwanga, udongo haukuwa mweusi hata kidogo. Ulikuwa na rangi kama ya ganda la biringanya. Nilipomwambia hivyo alicheka, akanitupia tunda moja la kahawa, likanigonga kwenye paji la uso. Siku ile nzima sikuchuma chochote. Nilizunguka shamba nikikagua vivuli, kimoja kimoja, kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo.

Sasa mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Embu mjini, naishi mtaa wa Majimbo na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi inayonilisha ni picha za pasipoti, harusi na mahafali, lakini ninayoipenda ni ya mandhari: mabonde, mashamba ya chai, mawingu yanapokaa juu ya vilima. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi, kwa miaka mingi nilitaja kozi fupi niliyosomea Nairobi. Sikumtaja dada. Hilo nalijutia, ingawa kuna kubwa kuliko hilo, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Dada alisomea ualimu wa chekechea akapata kazi hapo hapo Githongo. Darasa lake lilikuwa na kuta tupu za saruji, naye hakupenda watoto wakae mahali panapofanana na ghala. Akaanza kuchora: kwanza herufi, halafu wanyama, halafu mto wenye samaki wengi kuliko wanavyoweza kuenea humo. Wazazi wakaona, wakasema. Mchungaji akamwita achore Yordani kwenye ukuta wa nyuma ya kisima cha ubatizo. Yordani ile ilifanana sana na mto unaopita chini ya kiwanda chetu cha kahawa, hadi na migomba kandokando, na mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama Bwana Yesu alibatizwa huku kwetu Imenti. Watu walicheka, dada akacheka pia, lakini migomba hakuifuta.

Baada ya hapo akaanza kuchora mandhari kwenye vipande vya mbao nyembamba za dari. Hakuwa na rangi za wasanii. Jirani akipaka lango lake, dada alienda na mkebe kuomba iliyobaki. Kwa hiyo kijani chake kilitoka kwenye malango, weusi wake ulitoka kwenye ubao wa shule, na zambarau yake aliipata kwa kuchanganya nyekundu ya kupaka mabati na buluu ya mlango wa duka fulani. Alichanganyia kwenye sahani ya bati iliyotoboka. Alipenda zaidi kuchora mlima, na karibu kila mara aliuchora kwa zambarau hiyo.

"Hiyo ni rangi gani?" nilimuuliza nilipoiona mara ya kwanza. Wakati huo nilikuwa nimefungua studio, na tayari nilijiona mjuzi.

"Rangi ya ua la kiazi," alisema. Nyumbani tulizungumza Kimeru, na sisi hatukuwa na neno jingine la zambarau. Tulitaja ua.

"Mlima hauna rangi hiyo, dada."

"Unayo," alisema, akaendelea kupaka.

Nilidhani ni mazoea yake tu, kama migomba ya Yordani. Na sikuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Kila nilipokwenda kwake Krismasi niliamka saa mbili, jua likiwa limeshapanda, na mlima niliouona ulikuwa wa kijivu na kijani, na theluji kidogo juu. Dada alikuwa ameshakamua ng'ombe zamani.

Nilimpenda dada na nilizipenda picha zake. Nasema hivyo kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vinginevyo.

Mama mmoja alijenga hoteli mjini Meru, akawa anatafuta picha za kutundika mapokezini na vyumbani. Nilikuwa nimepiga picha harusi ya binti yake, akanipigia simu. Nikamwambia ninazo picha za mandhari, na kwamba dada yangu ni mchoraji, akitaka aone kazi zetu sote wawili. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka kumfurahisha dada, na nadhani nilitaka pia aone ndugu yake mdogo amefika wapi.

Siku hiyo nilitoka Embu mapema na gari langu, nikampitia Githongo. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, ya rangi ya maziwa. Mbao zake kumi na moja alikuwa amezifunga kwenye blanketi, kila mbao ikitenganishwa na nyingine kwa gazeti. Njiani aliniuliza mara mbili kama nina hakika yule mama anajua kwamba yeye hakusomea uchoraji. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Tulizipanga picha kwenye viti vya ukumbi, zangu upande huu, zake upande ule. Mwenye hoteli alipita polepole, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu anayekagua madaftari. Zangu alizitazama akaitikia kwa kichwa. Alipofika kwa za dada alisimama muda mrefu zaidi. Ilikuwepo moja kubwa: shamba la kahawa lenye maua, ambalo maua yake yalichorwa kwa weupe wenye ubuluu ndani yake, na nyuma yake mlima wa zambarau uliosimama mzima, bila wingu.

"Hii ni nzuri sana," alisema. Halafu akainamisha kichwa upande. "Lakini mlima mbona uko hivi? Wageni wangu watauliza. Mlima wetu si purple."

"Madam, asubuhi sana," dada alianza kusema, "kabla jua—"

Nikamkatiza. Nikatoa simu mfukoni, nikatafuta picha ya mlima niliyoipiga mimi, nikamsogelea yule mama. "Rangi yenyewe ni hii, Madam," nilisema. "Hii imetoka kwa kamera, haijadanganya. Dada yangu huyu ana mawazo mengi." Kisha nikacheka, ili kicheko kifanye neno langu liwe jepesi.

Mwenye hoteli akacheka pia. Dada akasogea karibu. Aliutazama ule mlima kwenye simu yangu, akautazama wa kwenye mbao yake, akarudia tena, kama mtu anayelinganisha sahihi mbili. Halafu akaokota blanketi lake sakafuni na kuanza kulikunjua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Niliogopa yule mama asije akaona tumemletea mzaha, akazikataa zote. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya picha ya dada kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya zangu, na mimi niliona. Na kitu kinachoniaibisha zaidi ni hiki: zile picha zangu kwenye viti, zote nilikuwa nimeziongezea rangi kwenye kompyuta. Chai yangu ilikuwa kijani kuliko chai yoyote iliyowahi kuota Embu. Machweo yangu nilikuwa nimeyakoleza mpaka yakawa kama soda ya machungwa. Nilifanya hivyo kwa sababu wateja wanapenda. Ni mimi niliyesema kamera haidanganyi.

Hoteli ilichukua picha zangu sita. Za dada haikuchukua hata moja.

Tulipokuwa tunatoka mjini aliniomba nisimame sokoni Gakoromone. Alishuka, akakaa kama nusu saa, akarudi na mkungu wa ndizi na kabichi mbili. "Za watoto," alisema, akaziweka kiti cha nyuma juu ya mbao zake. Nilimwambia samahani, biashara ndivyo ilivyo. Aliniambia hakuna neno. Akaniuliza habari za shule ya binti yangu, tukazungumzia hiyo mpaka Githongo. Nilirudi Embu nikiwa na furaha. Nilimwambia mke wangu siku imekuwa njema, na nikaamini ninachosema.

Sikujua kwamba aliacha kuchora. Hakuna siku aliyonitangazia. Nilikuja kugundua kwa vipande vipande, na kila kipande nilikipa sababu nyingine. Kuta za chekechea zilipopakwa upya, herufi ziliandikwa na fundi wa kukodiwa. Nikasema dada amechoka, anakaribia kustaafu. Mikebe ya rangi kwenye stoo ilikuwa na utando mgumu juu. Nikasema majirani hawapaki malango siku hizi. Kisha Krismasi moja niliingia nyumba ya kuku kutafuta mayai na binti yangu, na binti yangu akaniita, "Baba, angalia, kuku wana picha."

Ukuta wa ndani ulikuwa umezibwa kwa mbao za dada. Uso wenye rangi ulielekea kwa kuku. Ile kubwa ya shamba lenye maua ilikuwa chini kabisa, imechafuliwa na kudonolewa pembeni.

Nilimfuata jikoni. "Dada, mbona umezitumia zile picha kwa kuku?"

"Upepo ulikuwa unaingia," alisema. "Na zile mbao ni nzuri, zimepakwa rangi, haziingizi maji."

Alisema hivyo bila hasira, akichagua mawe kwenye mchele. Nikasimama pale kidogo, nikatoka. Huo ndio wakati ningepaswa kumwuliza swali la pili, na sikuuliza. Miaka minne zaidi ilipita.

Halafu ofisi moja Embu ikanipa kazi ya kupiga picha za kalenda. Walitaka miezi kumi na miwili ya mandhari, na mlima uwe wa kwanza. Januari ndiyo yenye anga safi kwetu, kwa hiyo nilikwenda kulala kwa dada, nikaweka saa iniamshe saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo, nilikuwa nimefika umri ule bila kuamka kabla ya jua kuupiga picha mlima wa kwetu; na utotoni, siku za kuchuma, mara nyingi mlima ulikuwa ndani ya mawingu. Nilikuwa nimepiga picha za machweo mia kadhaa, kwa kuwa machweo yanamkuta mtu ameshaamka.

Nilipanda hadi mwisho wa shamba, mahali pasipo na miti. Kulikuwa na baridi na umande. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu nikaielekeza magharibi, kwenye mlima. Nyuma yangu, upande wa Tharaka, mbingu ilikuwa imeanza kupauka. Mbele kulikuwa na giza la kijivu tu. Nilitia mikono kwapani nikasubiri jua.

Lakini rangi haikusubiri jua. Ilianza juu, mstari wa waridi uliofifia, ukateremka taratibu kuelekea kileleni. Chini yake kulikuwa na mkanda wa buluu nzito. Pale viwili vilipokutana ndipo mlima uliposimama, na mlima wote, kuanzia mawe ya juu hadi msituni, ulikuwa rangi ya ua la kiazi.

Nilipiga picha. Nikaangalia kwenye kioo cha nyuma ya kamera: mlima ulikuwa wa kijivu. Nikapiga tena. Kijivu. Nikainua macho: zambarau. Kwa muda nilisimama nikitazama huku na huku, kamera na mlima, na hapo nikakumbuka jambo ninalowafundisha hata vijana wanaokuja kujifunza kwangu. Kamera ikiachwa ijiamulie, huwa inasawazisha rangi. Ikiona mwanga una rangi moja kupita kiasi, inaiondoa, ili shati jeupe la bwana harusi libaki jeupe. Kwa harusi hilo ni jambo jema. Pale shambani ilikuwa inaufuta mlima wa dada yangu mbele ya macho yangu, kama ilivyoufuta kwenye kila picha niliyowahi kuipiga ya mahali pale. Niliondoa ule usawazishaji nikapiga tena, na safari hii ikatoka. Haikufikia aliyoichora yeye kwa rangi ya mabati na ya mlango wa duka, lakini ilikuwa zambarau. Kisha jua likachomoza, kilele kikawa chekundu, na ile rangi ikaisha. Sidhani ilikaa dakika kumi.

Nilishuka karibu nikimbie. Dada alikuwa ameshamaliza kukamua, anachuja maziwa.

"Dada," nilisema, "mlima ni wa zambarau."

"Kunywa chai, utapata homa."

"Nimeuona. Ulikuwa unasema kweli. Siku ile pale hotelini ulikuwa unataka kueleza, nikakukatiza. Nilikosea. Nilikuwa nimekosea na sikujua, na hata ningejua sina hakika ningesema. Nisamehe."

Aliweka sufuria chini. 

"Unadhani niliacha kwa sababu ulinichekelea?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Watu walinicheka tangu Yordani. Hiyo haikunisumbua." Alijifuta mikono kwenye leso. "Niliacha kwa sababu nilikuamini. Ulisema kamera haidanganyi. Wewe ndiye uliyesomea. Nikaona basi, ni macho yangu. Nilikwenda kliniki ya macho. Yule daktari akanipima, akasema mama, macho yako ni mazima kabisa. Nikarudi nyumbani. Lakini kila nikiangalia kitu na brashi mkononi, nasikia, je, kweli kiko hivyo? Mtu hawezi kuchora hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba dada yako haoni vizuri?"

Akanimiminia chai. Aliniambia amenisamehe, na kwa vile namjua, najua alimaanisha. Tuliomba pamoja kabla sijaondoka, kama kawaida ya nyumbani, na kwenye sala yake aliniombea safari na kazi ya kalenda.

Wiki iliyofuata nilinunua rangi za wasanii, zile za kwenye vijitubu vya kuminya, brashi za kila ukubwa na turubai tano za kuchorea zilizofungwa kwenye fremu. Nilimpelekea mwenyewe. Alizifungua moja moja, akanusa, akasoma majina kwa sauti. Alifurahi, nilimwona akifurahi. Nikarudi Embu nikijiambia kwamba sasa ataanza. Nilipokwenda wiki moja kabla ya Pasaka jirani aliniambia mwalimu ametoka, yuko chekechea, na huko ndiko nilikozikuta rangi. Alikuwa amestaafu lakini bado alikwenda siku mbili kwa wiki kusaidia. Watoto walikuwa wamezizunguka zile turubai sakafuni, wamejipaka hadi masikioni, na dada alikuwa katikati yao akiwaonyesha jinsi manjano na buluu zinavyozaa kijani. Mtoto mmoja alikuwa amechora ng'ombe mwekundu. Dada akamwambia ni ng'ombe mzuri sana. Nilisubiri nje mpaka walipomaliza. Sikumuuliza kama amejibakizia hata kijitubu kimoja.

Siku hizi nikifundisha vijana, namtaja. Nawaambia aliyenifundisha mwanga ni dada yangu, mkulima wa kahawa, na nawasimulia habari za vivuli. Wanaandika kwenye simu zao. Namwambia dada kwamba namtaja, naye huniambia nisiwachoshe watoto wa watu. Naamka mapema zaidi pia, na picha zangu zimekuwa bora. Nimeambiwa hivyo na watu wanaojua. Kila ninapoambiwa, nafikiria miaka ambayo alikuwa na mikono na macho na hamu, na mlima mlangoni kwake kila alfajiri.

Novemba iliyopita nilikwenda kumsaidia kuchuma. Magoti yanamsumbua, hivyo yeye huchuma matawi ya juu akiwa amesimama na mimi nachuma ya chini. Ilikuwa imenyesha usiku, asubuhi ikatulia. Mwanga uliingia shambani kutoka upande mmoja, na majani yote yaliyolowa yalikuwa yanameta, na kahawa mbivu zilikuwa nyekundu kwa namna ambayo ingemfanya mtu yeyote asimame. Nilisimama. Nilitazama kivuli chini ya mbuni wake.

"Dada," nilimwita. "Hicho kivuli unakionaje leo? Kina rangi gani?"

Aligeuka akatazama, kwa adabu, kama anavyotazama kitu chochote ambacho mtu amemwonyesha. Nilimwona akiinamisha kichwa. Nilidhani atasema.

"Wewe ndiye mwenye kamera," alisema. "Angalia, utaniambia."

Akarudia tawi lake. Tulichuma mpaka saa sita, tukachambua zile mbichi tukazitenga, kisha nikabeba magunia hadi kiwandani, yeye akifuata nyuma polepole kwa fimbo, akisalimiana na kila mtu njiani.